Huko Chini Kunapona Vipi: Barua kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na mtoto anaendelea kunenepa. Juzi kwenye simu ulianza kuniuliza “huko chini” kunapona vipi, shemeji akaingia, ukageuza mazungumzo. Basi nakuandikia, maana haya usipoambiwa na dada yako utaambiwa na nani?

Ukishajifungua usishtuke kuona tumbo bado lipo. Tumbo la uzazi pekee huwa na karibu kilo 1 siku hiyo, na huchukua kama wiki 6 kusinyaa hadi chini ya gramu 100. Linavyosinyaa ndivyo linavyonyonga, hasa mtoto akishika titi, kwa sababu kunyonya huamsha homoni inayolibana. Kubana huko ndiko kunakofunga mishipa pale kondo lilipobanduka. Kwa mtoto wa kwanza nilivumilia. Huyu wa pili alinitoa machozi, na mkunga akasema ndivyo ilivyo kwa wengi.

Damu ya nifasi huwa nyekundu siku 3 au 4 za mwanzo, kisha hupauka mpaka ikawa majimaji ya manjano. Hesabu wiki 4 hadi 6. Ukiinuka asubuhi inaweza kutoka kwa mkupuo, kwa kuwa ilikuwa imetuama. Lakini pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa 1, au damu inuke vibaya, au upate homa, au mguu mmoja uvimbe na kuuma, au kichwa kikugonge na macho yaone ukungu, usimsubiri mtu. Nenda hospitali usiku huohuo.

Sasa huko chini penyewe. Mimi nilichanika msamba, yaani pale kati ya uke na njia ya choo kubwa, nikashonwa. Nyuzi huyeyuka zenyewe. Mkojo wa kwanza niliuogopa kuliko uchungu wa kuzaa (usicheke!). Shika kikopo cha maji ya vuguvugu, jimwagie taratibu huku unakojoa, hautachoma sana. Jikaushe kwa kugusagusa, kutoka mbele kwenda nyuma. Choo kubwa usiibane. Kunywa maji ya kutosha, na ukienda, shikiza pedi safi pale kwenye mshono.

Kuna jambo tunafichana sana: mkojo kuchuruzika ukipiga chafya au ukicheka. Bana misuli ya chini kama unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, hesabu polepole, achia, rudia. Unaweza hata ukiwa umelala unanyonyesha. Ikipita miezi 3 bado kunachuruzika, mwambie daktari. Mimi nilipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nikapata nafuu kweli. Hiyo kauli ya “ndio uzazi huo” inaniudhi. Imewaacha wanawake wangapi na pedi miaka nenda rudi, kwa tatizo linalotibika?

Kuhusu shemeji: asikuharakishe. Unaponyonyesha, uke huwa mkavu, kwa hiyo tafuteni kilainishi, na mpange uzazi mapema, kwani mimba huweza kuingia hata kabla hedhi haijarudi.

Nywele nazo zitanyonyoka mwezi wa 3 au wa 4. Usihangaike na madawa, zitaota.

Msalimie mama. Uchungu ukianza nitumieni ujumbe saa yoyote, simu siizimi.

Ni mimi dada yako