Vidonge vya maumivu vya rejareja visiuzwe bila jina

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vidonge vya maumivu vinavyouzwa rejareja madukani mitaani. Muuzaji hukata karatasi ya vidonge kwa mkasi, akampa mteja viwili, na mara nyingi jina la dawa hubaki kwenye kipande kinachorudi kabatini. Mzazi anayekwenda kusaga nusu kidonge, akichanganye na sukari na kumnywesha mtoto mwenye homa, hana namna ya kujua kwamba ndani yake mna aspirini, ama peke yake ama pamoja na parasetamoli na kafeini.

Mwaka 1963 daktari Douglas Reye wa Australia na wenzake walieleza ugonjwa unaovimbisha ubongo na kuharibu ini la mtoto, na baadaye uchunguzi uliofanywa Marekani ukaonyesha kuwa uliwapata zaidi watoto waliopewa aspirini wakiwa na mafua makali au tetekuwanga. Uingereza ilizuia aspirini kwa watoto wa chini ya miaka 12 mwaka 1986, na mwaka 2002 ikapandisha umri huo hadi miaka 16, isipokuwa pale daktari anapoiagiza. Ugonjwa huo ni wa nadra, lakini parasetamoli ipo na bei yake ni nafuu, kwa hiyo sioni sababu ya kubahatisha.

Watu wazima nao hawajasalimika. Aspirini huweza kuleta vidonda vya tumbo na kumwamshia pumu mwenye nayo, na kidonge kimoja tu hupunguza uwezo wa damu kuganda kwa takriban wiki nzima. Dengue ilipoenea Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, jambo hilo lilikuwa la hatari hasa, kwa kuwa ugonjwa wenyewe huvujisha damu, nasi tumezoea kutuliza kichwa na viungo kwanza, vipimo baadaye. Wapo pia wazee wanaomeza aspirini kila siku "kulainisha damu" bila kuandikiwa na daktari. Ila aliyeandikiwa baada ya kiharusi au shambulio la moyo asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Naomba Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba pamoja na Baraza la Famasi wamtake kila muuzaji aandike jina la dawa kwenye bahasha anayompa mteja, na penye aspirini aongeze maneno matatu: si kwa watoto.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam