Swali lako la njia ya stesheni

Mwanga, Kigoma

Swahiba,

Simu imenisomea barua yako mara mbili, nami nikakwama palepale ulipouliza: mimi niliyezaliwa kipofu, nikiiwaza njia ya stesheni, naona nini? Sioni kitu. Hata hilo giza mnalolitaja silijui. Wewe kisogoni kwako kuna giza? Basi ndivyo.

Lakini njia ninayo. Kutoka hapa Mwanga ni mteremko, magoti yananiambia. Kushoto kuna ukuta: nikigonga fimbo mlio unarudi mkavu, upesi. Ukuta ukiisha, mlio unaenda zake, najua pana uchochoro. Halafu upepo wa ziwa unanipiga usoni. Wala havinijii kimoja kimoja kama shanga. Nikiwa kitandani vyote viko mahali pake kwa pamoja. Ndiyo maana juzi walipochimba mtaro barabarani nilizungukia nyuma ya maduka nikatokea kulekule.

Kikombe je? Ukikiwaza unakipata upande mmoja, sivyo? Mimi nakipata nje na ndani kwa mpigo.

Kinachonisumbua ni umbali. Mnasema mtumbwi ukitoka Kibirizi unazidi kuwa mdogo. Mdogo vipi, na abiria ni walewale? Nilikubali kwa shingo upande, hadi nilipoifikiria injini: mlio unafifia, injini haijapungua. Milima ya Kongo kule ng'ambo, hiyo naiamini kwa sababu mmesema.

Hukuanza wewe kuuliza. Mwaka 1688 William Molyneux wa Ireland alimwandikia mwanafalsafa John Locke: kipofu anayetambua tufe na mchemraba kwa kugusa, akipata kuona, atavitofautisha kwa kutazama tu? Mwaka 2011 yalichapishwa majaribio ya watoto wa India waliozaliwa vipofu wakafanyiwa upasuaji. Mwanzoni walichokigusa hawakuweza kukitambua kwa macho. Siku chache baadaye wakaanza kuweza. Sikushangaa. Nikipewa macho leo, nadhani ningeyafumba kwanza ili nifike stesheni.

Nitakupokea hapohapo. Ukishuka usinivute mkono kama mbuzi wa mnadani, ulivyofanya mwaka jana. Nitakushika kiwiko, ukikanyaga ngazi nitaijua kabla hujasema. Na asali ya Tabora usiifungie kwenye chupa ya maji, ile ya safari iliyopita ilimwagikia nguo zako zote.

Wako,
Jirani wa zamani