Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeambiwa hana sura ya steringi

Mdogo wangu,

Salaam aleikum, na pole na kazi. Mama ameniambia kwamba tangu urudi Tanga kutoka kwenye ule usaili hutaki tena kusikia habari za kuigiza, na kikundi umekiaga. Waliokusaili walikwambia umri umeshakwenda, tena sura yako ngumu, haimfai steringi, yaani yule shujaa wa picha. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nimeamua kukuandikia hapa, mahali ambapo najua utapita tu. Na wako wengine wengi walioambiwa maneno hayo hayo, nao wasome.

Nataka tuzungumze habari za Amrish Puri. Unamjua. Watu wa rika letu waliokulia pwani wanamjua hata kama jina haliwatoki vizuri: yule adui mkuu wa picha za Kihindi, mwenye macho makubwa na sauti nzito, ambaye akitokea tu kwenye mkanda, kibanda kizima cha video kilikuwa kinanyamaza. Sisi tulimwita Mogambo, jina la adui wake wa Mr. India, kwenye kila picha, hata zile ambazo humo hakuwa Mogambo. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiiga kicheko chake mpaka bibi akakukataza kukicheka usiku. Lakini maisha yake nje ya picha nadhani hukuwahi kuyasikia, na hayo ndiyo yanayokuhusu.

Alizaliwa mwaka 1932 Nawanshahr, katika Punjab, India ikiwa bado chini ya Mwingereza. Kaka zake wawili, Chaman na Madan, walimtangulia Bombay, Mumbai ya leo, wakaingia kwenye sinema, na huyo Madan Puri alikuja kuwa adui anayejulikana sana. K. L. Saigal, mwimbaji na mwigizaji aliyekuwa mkubwa kuliko wote wa zama zake, alikuwa ndugu yao wa ukoo. Ungedhani kijana wa namna hiyo akifika mjini mlango utafunguka wenyewe. Haukufunguka. Miaka ya 1950 alipigwa picha za majaribio akakataliwa. Akatafuta kazi, akawa karani katika shirika la serikali la bima ya wafanyakazi. Alikaa humo zaidi ya miaka ishirini.

Hapo usipapite haraka, mdogo wangu. Wewe unakaa masijala, unajua siku ya karani inavyokwenda: mafaili, mihuri, mtu dirishani anayekupandishia sauti kwa kosa ambalo si lako, na saa ya ukutani ambayo haisogei. Amrish Puri aliishi hivyo tangu ujana wake mpaka alipofika umri wa watu kuitwa wazee wa mtaa. Kwenye kazi hiyo ndiko alikokutana na aliyekuja kuwa mke wake. Alipanda vyeo kama watu wanavyopanda. Na jioni, kazi ikiisha, alikwenda kwenye mazoezi ya tamthilia.

Walimu wake wa jukwaani walikuwa Ebrahim Alkazi na Satyadev Dubey. Huyo Dubey alikuwa mdogo kwake kwa umri, lakini Puri alimwita guru wake na akamtii. Nalitaja kwa sababu najua mwongozaji wenu mpya ni kijana kuliko wewe, na najua hilo limekukera, ingawa hujalisema. Tamthilia za Bombay za wakati ule hazikuwa za kumlisha mtu. Watu walifanya mazoezi wakiwa wamechoka na kazi za mchana, wakaonyesha kwenye kumbi ndogo, wakarudi nyumbani na treni ya usiku. Mwaka 1979 alipewa tuzo ya Sangeet Natak Akademi, moja ya heshima kubwa kabisa za sanaa za maonyesho India. Aliipata kwa jukwaa, wakati watazamaji wengi wa sinema walikuwa bado hawajamjua.

Ile sauti yake aliilea. Mtu anayesema kwenye ukumbi bila kipaza sauti lazima ajifunze kuitoa tumboni, neno lifike kwa aliyekaa nyuma kabisa bila kupiga kelele. Hata alipokuwa mtu mkubwa hakuacha mazoezi ya sauti. Ndiyo maana kwenye picha zake nyingi utaona wenzake wanafoka ilhali yeye anasema taratibu, na bado yeye ndiye anayeogopwa.

Sinema alianza kuonekana akiwa anakaribia 40. Mwaka 1971 yumo kwenye Reshma Aur Shera, sehemu ndogo. Kisha mwongozaji Shyam Benegal akamchukua kwa Nishant, Manthan na Bhumika. Hiyo Manthan ya 1976 naomba uitafute. Ilichangiwa na wafugaji laki tano wa Gujarat, kila mmoja rupia mbili, kwa sababu ilikuwa inasimulia ushirika wao wa maziwa. Puri ni tajiri anayenunua maziwa kwa wanakijiji kwa bei ya kuwaminya. Hakuna panga wala bunduki mkononi mwake. Anaongea kwa upole, kama mtu anayewatakia mema, na ndani ya upole huo unaona wazi anavyowala. Mtu kama huyo tumemwona sote kwenye biashara ya nazi na ya samaki. Wewe ungemwigiza vizuri sana.

Uadui wa picha kubwa kubwa ulimjia na Hum Paanch, mwaka 1980, akiwa na miaka 48. Miaka 48! Wewe una 34 na wamekwambia umri umekwenda.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1982 yumo kwenye Gandhi, yule mfanyabiashara Khan kule Afrika Kusini. Mwaka 1984 Steven Spielberg akamfanya Mola Ram, kuhani muuaji kwenye Indiana Jones and the Temple of Doom. Picha yenyewe siipendi, inawaonyesha Wahindi kama watu wa ajabu wanaokula ubongo wa nyani. Serikali ya India ilikwisha kuikataa hadithi hiyo mapema, ndiyo maana sehemu za nje zilipigwa Sri Lanka. Lakini kwa kazi hiyo Puri alinyoa kichwa, akaona kinamfaa, akabaki nacho. Kichwa kisicho na nywele kinapokea wigi lolote, kilemba chochote, kofia yoyote.

Mwaka 1987 ndipo alipokuja Mogambo wetu, kwenye Mr. India. Itazame tena, safari hii kama mwigizaji. Nguo ni za kuchekesha ukizitazama vizuri, nywele za bandia, mapambo ya kijeshi, jumba lenye taa kila mahali. Mtu mwingine angepotea humo ndani. Yeye anakaa tu kwenye kiti, anasema amefurahi, na kila anaposema hivyo unajua kuna mtu anakwenda kuumia. Anazuia mwili wake. Anaacha macho yafanye kazi.

Sasa lile la sura ya steringi. Wahesabu masteringi waliosimama mbele yake. Anil Kapoor alipigana naye kwenye Mr. India, miaka kumi baadaye kwenye Virasat akawa mwanawe, kisha kwenye Nayak ya 2001 wakawa maadui tena. Sunny Deol alipambana naye kwenye Ghayal, wakazozana mahakamani kwenye Damini, halafu kwenye Ghatak Puri akawa baba yake mgonjwa wa saratani ya koo, na kwenye Gadar akawa baba mkwe asiyekubali ndoa. Angekuwa steringi, angekuwa na miaka kumi mizuri. Sura yake ngumu ilimpa mzee wa kijiji, jenerali, wakili, mganga, tajiri, baba.

Mwaka 1995 pekee unatosha. Mwanzoni mwa mwaka ni Durjan Singh kwenye Karan Arjun, muuaji asiye na chembe ya huruma. Kufika Oktoba ni Baldev Singh kwenye Dilwale Dulhania Le Jayenge, mwenye duka London anayewatupia njiwa nafaka huku akiota kurudi Punjab. Ile sehemu ya mwisho unaikumbuka: treni inaondoka, Shah Rukh Khan yuko mlangoni, uso una damu, Kajol anamlilia baba yake amwachie. Usiwatazame wao. Utazame mkono wa Puri uliomshika binti, halafu uso wake. Hasemi kitu kwa muda mrefu. Anamtazama yule kijana, na unamwona baba akishindwa na mapenzi yake mwenyewe kwa mtoto wake, kabla hajafungua vidole na kumwambia aende akaishi maisha yake. Picha nzima ya zaidi ya saa tatu ilikuwa inausubiri mkono huo ufunguke. Asingekuwa na uso wa kutisha, tusingelia.

Alicheza picha zaidi ya 400, kwa Kihindi, Kimarathi, Kitelugu, Kitamil, Kiingereza na lugha nyingine. Nyingi kati ya hizo ni mbovu, nimezitazama na siwezi kuzisifu. Hata humo hutamwona amelegea. Tuzo za Filmfare za mwigizaji msaidizi alipata tatu: za Meri Jung, Ghatak na Virasat. Mbili kati ya hizo alizipata kwa kuwa baba mwema, si adui. Alifariki Mumbai tarehe 12 Januari 2005, akiwa na miaka 72, akiwa bado anafanya kazi.

Sikuambii uache ajira. Una watoto wanaosoma, na yeye pia hakuiacha ya kwake mpaka sinema ilipoweza kumweka mjini. Nakuomba urudi mazoezini. Nimezungumza na mwongozaji wenu, nisamehe kwa kukuingilia. Anasema kwenye mchezo wa mwezi ujao kuna nafasi ya baba mkwe, na hajampa mtu. Wote waliokwenda kuisoma ni vijana wenye sura nzuri. Mazoezi ni Jumanne, saa kumi na moja jioni, ukitoka kazini unawahi. Nimemwambia utakuja.

Dada yako.