Mwanangu, umepewa namba tano

Mwanangu Hamisi,

Ujumbe wako niliusoma jana nikifunga duka, nikausoma tena nyumbani. Unasema kocha amekutoa mbele akakupa namba tano, ya beki wa kati, na wenzako wanakucheka. Basi acha nikusimulie habari za mtu aliyeivaa namba hiyo miaka mingi, Carles Puyol wa Barcelona.

Alizaliwa 1978 La Pobla de Segur, mji mdogo kule Catalonia. Utotoni alianza golini, kisha akacheza mbele. Alifika Barcelona ana miaka 17, na huko ndiko walikomvuta nyuma: kiungo, beki wa kulia, mwisho beki wa kati. Hakuwa mrefu sana, mita 1.78, wala hakuwa na mbwembwe za mpira. Mwaka 2002, wakicheza na Lokomotiv Moscow, kipa alikuwa ameshapitwa. Puyol akajitupa, shuti akalizuia kwa kifua, palepale kwenye nembo ya klabu. Kazi kama ile haionekani kwenye ubao wa magoli, lakini mashabiki wa Barcelona wanaisimulia hadi leo.

Halafu kuna ile ya Durban. Julai 7, 2010, nusu fainali ya Kombe la Dunia, Hispania na Ujerumani. Ulikuwa na miezi mitatu, umelala begani kwangu, tunatazama kwa jirani. Karibu saa tano usiku Xavi akapiga kona kutoka kushoto. Puyol alikuwa nje ya boksi. Akaja mbio kama ng'ombe aliyekata kamba, akaruka juu ya watu wote, hata Piqué mwenzake anayemzidi urefu, akaupiga kichwa. Neuer, kipa wa Ujerumani, hakuugusa. Sebule nzima ilipiga kelele, ukaamka unalia. Moja bila, na siku nne baadaye Hispania wakalibeba kombe kwa mara ya kwanza.

Lakini mimi nampendea jambo la mwaka uliofuata, akiwa na Barcelona uwanja wa Wembley, London, fainali ya klabu bingwa Ulaya. Éric Abidal, beki mwenzake, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ini miezi miwili na siku kadhaa kabla, na siku ile akacheza dakika zote. Manchester United wakafungwa 3-1. Wakati wa kupokea kombe, Puyol, nahodha tangu 2004, alimpa Abidal kitambaa cha unahodha ili alinyanyue yeye. Nimeitazama picha ile mara nyingi, na kila mara macho yananilowa.

Goti ndilo lililomstaafisha, 2014, baada ya mechi 593 za klabu hiyo moja. Kwa hiyo ukiumia mwambie kocha, usijikaze.

Daluga zako nimempa dereva wa basi la Ijumaa. Nimechukua kubwa kidogo, vaa soksi mbili. Jumamosi nipigie uniambie ulimkaba nani.

Baba yako