Adabu ya roboti ipimwe hapa kwetu

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wahandisi chipukizi wa Arusha, hasa wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru na wa Chuo cha Ufundi, walishughulikie mapema suala la adabu ya roboti zinazozungumza na watu na kuwahudumia.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Cynthia Breazeal wa chuo cha MIT, Marekani, aliunda Kismet, kichwa cha mashine chenye macho, nyusi na masikio, kilichojivuta nyuma mtu alipokisogelea mno. Mwaka 2014 Japani ikazindua Pepper, yenye kimo cha sentimita 120 hivi, ikawekwa madukani kupokea wateja. Lakini umbali unaofaa kati ya mtu na mashine umepimwa kwa nani? Watafiti wengi wameegemea kazi ya mwaka 1966 ya Edward Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, iliyotaja sentimita 45 hadi 120 kwa wanaofahamiana. Vipimo hivyo vilitokana hasa na Wamarekani wa tabaka la kati wa pwani ya kaskazini-mashariki, na Hall mwenyewe alionya visichukuliwe kuwa vya binadamu wote.

Suala la macho ni zito zaidi. Roboti ikifundishwa kwamba anayeitazama usoni ndiye anayesikiliza, itafanya nini shuleni kwetu? Mtoto wa Kimasai huinamisha kichwa mbele ya mzee ili aguswe utosini, na watoto wengi wa hapa hulelewa wasimkazie mkubwa macho. Mashine hiyo itamwandika mtoto mwenye heshima kuwa hasikilizi, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi anaweza kuiamini. Hilo linaniumiza kuliko hitilafu yoyote ya mitambo.

Kuhusu salamu, naona roboti iwaamkie wazee shikamoo, ila isimwitikie mtoto marahaba hata siku moja, kwa kuwa haina umri wala ulezi unaoistahilisha heshima hiyo.

Basi kabla ya kuandika programu, wahandisi wakae na wauguzi, walimu na wazee wa Meru, Monduli na mjini, wapime umbali, utazamaji na muda wa kusubiri jibu. Vipimo hivyo vichapishwe kwa Kiswahili, ili hata kiwanda cha ng'ambo kikitaka kuleta roboti katika wodi zetu kiwe na cha kufuata.

Mwalimu mstaafu,
Tengeru, Arusha