YAH: UWEZO WA MKOBA NILIOULIPIA KUPUNGUZWA BAADA YA TOLEO JIPYA

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katika gemu yenu ya simu, mkoba wa mhusika wangu una nafasi 120. Mlinipa 40 za kuanzia, nyingine nimezinunua kidogo kidogo kwa fedha ya simu, na risiti zake nimeambatanisha. Toleo jipya lilipoingia, nafasi zilibaki 120. Mlichobadilisha, na tangazo lenu halikukitaja popote, ni kiasi kinachoingia katika kila nafasi: mbao zilikuwa 99, sasa ni 20. Mawe ya chuma, majani ya dawa, ngozi na mishale, vyote vimekatwa hivyo hivyo.

Tupige hesabu. Mkoba wangu ulikuwa unabeba vitu 11,880, sasa unabeba 2,400. Ili nirudi nilipokuwa nahitaji nafasi 594, na duka lenu linaishia 200. Yaani hata nikitaka kulipa tena, uwezo wangu wa zamani hauuzwi. Hii ni sawa na kumuuzia mtu debe, kisha ukaingia jikoni kwake usiku na kulikatia chini.

Sipingi mkoba kuwa na kikomo. Bila kikomo hakuna kuchagua, na kuchagua ubebe nini ni sehemu ya utamu wa gemu. Tazameni gemu nyingine: Skyrim inakuanzishia uwezo wa kubeba uzito wa 300, na kila ukipanda levo ukiongeza Stamina (nguvu za mwili) unapata 5 zaidi. Unaamua mwenyewe kati ya nguvu za kubeba na za kupigana. Stardew Valley, gemu ya kilimo, inakupa nafasi 12, unapanda hadi 24 kwa dhahabu 2,000, kisha 36 kwa 10,000, dhahabu ya shambani kwako na wala si ya mfukoni. Minecraft haikuongezei nafasi hata moja juu ya zile 36, lakini ukishapata sanduku la shulker unabeba nafasi 27 ndani ya nafasi moja. Kote huko ukishaupata uwezo, ni wako.

Kwenu mkoba ukijaa, mali ninayoshinda inapelekwa kwenye sanduku la barua, na baada ya siku saba inafutwa. Nimepoteza hivyo vifaa vya kutengenezea ngao niliyokuwa naikusanyia tangu msimu uliopita. Kuviuza haraka nako hakusaidii, maana muuzaji wa mjini hanunui vifaa vya misheni, na ghala nalo mmelipunguza kwa kipimo kile kile.

Nilipowaandikia mara ya kwanza nilijibiwa kwamba nitupe visivyohitajika au nifungue akaunti ya pili niwe nahifadhia vitu huko. Aliyejibu hajasoma masharti yenu wenyewe, yanayosema mwenye akaunti mbili anafungiwa zote. (Au ni mashine iliyojibu. Kama ni mashine, mwambieni mtu aisome barua hii.)

Ninachodai ni hiki. Rudisheni 99 kwa kila nafasi, angalau kwa waliokuwa wamenunua upanuzi kabla ya toleo hili. Kama hamuwezi, rudisheni fedha yangu yote ya upanuzi kwa namba ile ile iliyolipa. Almasi za gemu sizitaki, kwa sababu hizo zinaishia kwenye duka lenu. Vifaa vilivyofutwa kwenye sanduku la barua mnaviona kwenye kumbukumbu zenu, navyo virudishwe. Na siku mkigusa tena kitu kilicholipiwa, kiandikeni kwenye tangazo kabla mchezaji hajabonyeza kukubali.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka pamoja na risiti na picha za mkoba, wa kabla na wa baada, Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mteja, Mwanza.