Barua rasmi ziwe za kulalamikia magazeti

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa kidato cha pili na sijawahi kukuandikia hata mstari, ila ile habari yenu ya Jumatatu ya wanafunzi wa sekondari kufundishwa maadili ya habari imenishinda kunyamaza. Watoto wameambiwa wasisambaze uongo mitandaoni, sawa. Mbona hakuna aliyewaambia kwamba gazeti nalo linaweza kuwakosea wao, na wakikosewa waende wapi?

Nafundisha Kiswahili sekondari ya kata hapa Morogoro. Miaka minne iliyopita gazeti moja lilimtoa mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, picha, jina na shule, eti kakatiza masomo kwa ujauzito. Mtoto alikuwa na uvimbe tumboni, yuko wodini anasubiri upasuaji, na hakuna mwandishi aliyempigia mama yake wala mkuu wa shule wala mimi, na hata angekuwa mjamzito kweli si bado ni mtoto, jina lake lichapishwe kwa faida ya nani? Mama akaenda polisi akaambiwa hiyo ni ya mahakamani, akaenda kwa wakili akatajiwa hela ambayo hajawahi kuishika, akarudi nyumbani akakaa. Na mimi mwalimu wake nikakaa naye kumpa pole tu, kwa sababu sikujua kwamba kuna Baraza la Habari, limeanzishwa na wanahabari wenyewe tangu 1995, linapokea malalamiko kama yale yale, linaziita pande mbili, na gazeti likionekana limekosea linatakiwa kusahihisha na kuomba radhi. Nimekuja kujua binti keshahama shule kwa aibu isiyo yake. Njia ilikuwepo, Mhariri, na sisi wote tulipita pembeni yake!

Watu watasema Baraza halina meno. Basi watoto waambiwe na hilo, waambiwe na upande wa pili pia, mwaka 2013 Serikali ilipoyafungia magazeti, Mwananchi siku 14 na Mtanzania siku 90, wasomaji ndo waliokosa gazeti. Wanahabari wasipojisimamia wenyewe waziri atawasimamia, hilo kidato cha tatu wanalielewa vizuri kabisa.

Halafu hayo masahihisho yenu. Habari inakaa ukurasa wa mbele kwa herufi za kuonekana toka ng'ambo ya barabara, kosa likisahihishwa linawekwa ndani huko chini ya tangazo la hati iliyopotea, nani analiona?

Ninachotaka ni hiki. Kila mwaka kwenye barua rasmi tunawaandikisha watoto barua ya kuomba kazi. Badala yake tuwape gazeti la wiki iliyopita, wachague habari moja, wapigie mstari kwa penseli aliyetuhumiwa na sehemu alipoulizwa, kama aliulizwa, halafu wamwandikie mhariri, tarehe, ukurasa, sentensi yenye kosa, ukweli wenyewe, na wanataka afanye nini. Vipindi viwili vinatosha. Mkondo wangu uko tayari, tatizo shule hainunui gazeti hata moja. Nipeni nakala 20 zilizobaki bila kuuzwa kila Ijumaa, mpeni dereva wenu azishushe stendi ya Msamvu, nitazifuata mwenyewe.

Mwalimu wa Kiswahili,
Morogoro